Shahada Tuliyoipokea Stesheni

Mimi Mwanahawa ni fundi cherehani, na fundi cherehani wa mtaa huu wa Isevya hakai ndani. Nipo kwenye baraza hii tangu Tunu hajaota meno, na hakuna posa, talaka wala kitanda kipya kilichopita mtaa huu bila mimi kukiona. Sasa niambieni, jambo la Tunu lilipitaje mbele ya macho yangu, mchana kweupe, tena kwa ngoma? Mpaka leo nikiliwaza nashika mdomo.

Tunu ni binti wa jirani yangu, Bi Mwanajuma, muuza udi na ubani. Baba yake, Sabiri, ni fundi baiskeli na mtu wa maneno machache. Angekuwa na maneno mengi asingeweza kuishi na Mwanajuma. Mtoto alikulia miguuni pangu akiokota vipande vya vitambaa na kunichosha kwa maswali. Kwa nini kitenge hiki kikifuliwa kinapungua na kile hakipungui? Kwa nini huyu mama mnene unamwambia kitambaa kinatosha wakati hakitoshi? Hilo la pili aliliuliza mama mwenyewe akiwepo. Nilimfinya, lakini moyoni nilisema huyu atafika mbali.

Alipomaliza kidato cha sita na alama nzuri, nyumbani kwao uwezo wa kumpeleka chuo haukuwepo, na mtaa mzima tulijua. Tukaanza kumhurumia. Kisha asubuhi moja Mwanajuma akaja barazani kwangu kifua mbele, amejifunga khanga mpya.

“Shoga, Tunu anakwenda Dar. Chuo kikuu.”

Nilipiga kigelegele mpaka sindano ikanichoma kidole. Sikuuliza imewezekanaje, maana siku hizo nilikuwa bado na adabu.

Lazima mjue Dar kwa Mwanajuma ni kitu gani. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kichwani kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. Kwa watu wao wa zamani, kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima, na mke alinyimwa. Akirudi, wanawake walitoka nje ya kijiji kumlaki kwa nyimbo. Mwanajuma ametulisha habari hiyo kwenye kila arusi na kila msiba. Kwake yeye elimu ni safari: unaondoka watu wakikuona, unarudi watu wakikulaki. Na sisi wote wa mtaani, tuseme ukweli, tuko vilevile. Mtu akikaa kwao akasoma, sisi tunamwona amekaa kwao tu.

Basi tukamuaga Tunu. Dua ikasomwa, karanga zikaliwa, nikamshonea begi la kitambaa kigumu lenye mifuko ndani. Akaondoka alfajiri na basi, na kuanzia siku ile akawa mtu wa Dar.

Akinipigia simu nilisikia ng'ombe nyuma yake.

“Tunu, huko Dar kuna ng'ombe?”

“Jirani anafuga, mama mkubwa.”

Nikasema, kumbe. Alipokuja Idi hakutuletea khanga za Kariakoo, alituletea samli na maziwa ya mgando. Nikasema, mtoto ana akili, kajua wazee wanapenda nini. Vijana wengine wakirudi kutoka Dar hata salamu wamebadilisha, ni “oya” na “niaje” mpaka unawashangaa. Tunu alifika barazani akaniambia “Mwangaluka!” kwa Kisukuma kilichonyooka, akajiziba mdomo, akasema shikamoo. Nikasema, bila shaka ana rafiki Msukuma huko chuoni. Yote niliyaona na kuyasikia, na kila palipochanika nilipatia kiraka mimi mwenyewe.

Wakati wa kurudi na shahada ulipofika, Mwanajuma hakutaka kusikia habari ya basi. Alitaka treni. “Mwanangu atalakiwa stesheni,” alisema, “watu wamwone akishuka kutoka pwani.” Nikashona sare ya mtaa mzima, kitenge cha maua ya njano. Bi Kuluthumu, bibi wa nyumba ya mkabala ambaye magoti yake yamemgomea miaka mingi, alikuja kwa bodaboda amekumbatia ngoma. Treni ya Dar ikaingia ikipiga honi, na Tunu huyo mlangoni mwa behewa, joho jeusi mpaka vifundoni, kofia imekaa upande. Tulilia wote. Bi Kuluthumu alisahau magoti, akacheza mpaka askari wa stesheni akamwomba asogee nyuma. Kitu kimoja tu kilinikwaruza. Abiria wenzake walikuwa wamekunjamana kwa safari ndefu, na joho la Tunu halikuwa na mkunjo hata mmoja. Jicho la fundi liliona, ila mdomo wa fundi ulisema mashallah.

Kazi ikawa ngumu kupatikana. Aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja hapa mjini, akarudi macho mekundu. Mwanajuma akatuambia wanataka watoto wa wakubwa. Tukawasema wakubwa jioni nzima, na Tunu anatazama vidole vyake.

Kisha ikatokea kampuni ya asali. Hii ni kampuni ya hapahapa, inanunua asali kwa wafugaji nyuki wa Usinge na misitu ya huko Kaliua, na ilikuwa inatafuta msimamizi wa ununuzi. Ndiyo kazi hasa aliyosomea Tunu. Siku ya usaili alirudi mbiombio mpaka kiatu kikamvuka barazani kwangu.

“Mama mkubwa, nimejibu kila kitu! Bosi mwenyewe amenisindikiza mpaka mlangoni. Nikiikosa hii, sijui nitafanya nini tena.”

“Hutaikosa,” nikamwambia, na siku hiyohiyo nikamkatia sketi ya kuanzia kazi.

Haukupita muda akaja mama mmoja nadhifu, rozari imechungulia kwenye kola ya gauni. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la wateja. Akajitambulisha: Apolinaria, meneja wa kampuni ya asali, mzaliwa wa Ntalikwa. Nikamkaribisha kwa sauti ya kuwafanya majirani wasikie nimetembelewa na nani.

“Mama, sisi hatumwajiri mtu wa kwenda kwa wafugaji bila kuuliza kwao,” alisema. “Mfugaji nyuki haangalii vyeti. Anauliza, huyu ni mtoto wa nani, na watu wake wanamsemaje? Kwa hiyo tunatangulia kuuliza sisi.”

Nilimwelewa sana. Hata posa hapa kwetu zinaendeshwa hivyo. Kabla ya washenga kubisha hodi, kuna mtu ameshapita kununua chumvi dukani na kuuliza tabia za binti. Nikasukuma kitambaa pembeni.

“Uliza.”

“Unamfahamu Tunu?”

“Kumfahamu? Nimemfuta kamasi.”

“Ni mkweli?”

“Huyo uongo hauwezi. Alimwambia mteja wangu mbele yangu kwamba ni mnene.”

Akacheka kweli. Nikaona nimeshampata, kazi ni ya Tunu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

“Na chuo alisomea wapi?”

“Dar es Salaam!” nikasema, shingo imesimama. “Miaka mitatu. Tulimuaga hapahapa, tukampokea wenyewe stesheni. Sare nimeshona mimi.”

Kicheko kikamkauka. “Dar es Salaam,” akarudia polepole. “Una hakika, mama?”

“Muulize yeyote.”

Hakuhitaji kwenda mbali. Bi Kuluthumu alikuwa ameshasogeza kiti mlangoni kwake, akadakia, “Dar, mwanangu! Ngoma nilipiga mimi, na magoti haya!” Nikatoa simu, nikamwonyesha mgeni picha ya Tunu na joho lake mlangoni mwa behewa. Aliitazama muda mrefu. Akanirudishia simu, akashukuru, akaenda zake. Chai niliyomwekea hakuigusa, na mimi nikadhani mwenzetu yuko kwenye mfungo wao.

Kesho yake Tunu alikuja amevaa sketi yangu mpya. Alikuwa ametoka kuitwa ofisini.

“Mama mkubwa, Bi Apolinaria alikuuliza nini jana?”

Nikamweleza yote kwa madaha, pamoja na picha na ngoma ya Bi Kuluthumu. Nilingoja anikumbatie. Badala yake alikaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, palepale alipokuwa akikaa utotoni.

“Mama mkubwa, mimi sijawahi kufika Dar,” akasema.

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, ukagandia hapohapo. Nilimwambia aache utani. Akatikisa kichwa.

Alikuwa Ziba. Miaka yote ile alikuwa Ziba, wilayani Igunga, mkoa wetu huuhuu, nyumbani kwa shangazi yake mwenye duka. Alikuwa anauza sukari na mafuta ya taa huku kompyuta imewekwa juu ya gunia, anasoma chuo cha nje ya nchi kinachofundisha kwa mtandao. Wakati wa mitihani alifungiwa chumbani, msimamizi anamtazama kwa kamera kutoka huko aliko, na shangazi yuko nje anafukuza kuku wasije wakalia wakamtia mashakani. Shahada aliipata halali. Tume ya vyuo vikuu imeikagua na kuitambua.

“Na ofisi ile ya kwanza?” nikauliza.

“Niliwaambia ukweli. Yule baba aliyekuwa ananihoji akacheka. Akaniuliza kama mtihani niliufanyia kitandani. Nikasema sitaficha, na kwa Bi Apolinaria nikaeleza yote tena, Ziba, duka, kuku, kila kitu. Alifurahi, mama mkubwa. Akaniambia mtu anayeweza kujisimamia hivyo ndiye anayemtaka. Halafu amekuja huku.”

Akili yangu ikawa inakimbia kurudi nyuma. Ng'ombe. Samli. Mwangaluka. Nikashika kichwa.

“Na treni?” nikapiga kelele. “Si tulikupokea kwa macho yetu?”

“Nilipandia Igalula. Mama alinifuata kule na bodaboda, kaleta joho. Alilikodi kwa mpiga picha. Nililivaa nyuma ya stesheni, treni ikifika.”

Igalula! Mtu mwenye baiskeli nzima na miguu yake anatoka hapa asubuhi na adhuhuri anaswali Igalula. Nilimlilia mtu aliyetoka Igalula! Nikataka kumpiga na rula ya mbao, nikataka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Nikamuuliza yule bosi kasemaje.

“Kasema shahada yangu wameihakiki na haina tatizo. Ya mtandao haimsumbui hata kidogo, mhasibu wake alisomea sebuleni kwake. Kasema, ‘Kinachonisumbua ni hiyo treni. Wewe umeniambia Ziba, mtaa wako mzima umeniambia Dar. Nikikutuma Usinge, wafugaji wangu wataamini lipi?’”

Sikungoja zaidi. Nilivuka uwanja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nikamkuta Mwanajuma anapanga ubani wake.

“Mwanajuma, umenifanya mimi shahidi wa uongo! Mimi! Nimemwapia mgeni kwa mdomo wangu!”

“Punguza sauti, watu watasikia.”

“Wasikie! Ulikuwa unaogopa nini?”

Akaacha ubani. “Nilikuwa naogopa ninyi,” akasema. “Ningesema anasoma kwa kompyuta, mngesemaje? Wewe mwenyewe, Mwanahawa, ungesemaje? Si mngesema Mwanajuma kamweka binti ndani anatazama vichekesho? Ile ofisi ya kwanza si ilimcheka? Wasomi wamemcheka, ninyi mngemuacha?”

Nilijua hasa ningesema nini, na hilo liliniudhi kuliko uongo wenyewe. Sabiri, mtu asiyesema, alikuwa mlangoni na spoki mkononi. Alisema neno moja tu: “Katangaze.”

Tunu alirudi kwa Bi Apolinaria akamlilia. Akaeleza ya treni na ya joho, hakuacha kitu. Yule mama ana moyo, kwa kweli. Alikubali kuja mara moja nyingine, Jumatatu. Mtaa ukimwambia alichoambiwa na Tunu, kazi ni ya Tunu. Ukimwambia mengine, basi.

Kwa hiyo Mwanajuma alitoka. Yule Mwanajuma wa babu wa babu, wa pwani na mizigo, alitembea nyumba kwa nyumba uso umemshuka, na mimi nilimfuata nyuma kuhakikisha hapunguzi maneno. Hakupunguza, namsifu kwa hilo. “Mwanangu hakwenda Dar,” alisema kila mlango. “Alisomea Ziba, kwa kompyuta. Niliwadanganya. Mnisamehe.”

Mnajua walifanya nini? Walicheka! Nyumba ya kwanza walicheka, ya pili wakamkonyeza. Kwa mama muuza mkaa akaambiwa, “Tumekuelewa, Mama Tunu, unaogopa husuda.” Hapa kwetu mtu akijengewa nyumba na mwanawe husema ni kibanda cha kuku, na aliyepata mchumba mzuri husema ni mtu wa kawaida tu, jicho lisiwapate. Basi wote wakaona Mwanajuma anamficha binti yake na vijicho sasa kazi imekaribia. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomsifu kwa busara. Bi Kuluthumu alimshika mkono akamnong'oneza, “Usijali, wakija kuuliza sisi tupo. Hatutamwangusha mtoto wetu.”

“Bi Kuluthumu, ni kweli!” nikamwambia. “Alipandia Igalula!”

Akanitazama kwa huruma.

Jumatatu Bi Apolinaria alifika, akakaa kwenye benchi lilelile. Tunu alikuwa ndani kwangu, nyuma ya pazia, nasikia anavyohema. Nilisema kabla sijaulizwa. Nilisema Ziba, nikasema duka, shangazi, kuku, kamera, Igalula, joho la kukodi. Nikasema nilidanganywa na kwamba binti hakumdanganya meneja hata neno moja. Bi Apolinaria alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, uso umeanza kulainika.

Bi Kuluthumu akasikia. Sijui magoti yale alipata wapi nguvu. Alivuka njia kwa fimbo yake, na mama muuza mkaa nyuma, na wengine, na wawili kati yao, Mungu wangu, wamevaa sare yangu ya maua ya njano.

“Usimsikilize huyu fundi!” akafoka. “Ana wivu! Hakuzaa msomi yeye! Mtoto wa watu kasoma Dar, chuo chenyewe, chenye majengo! Tulimpokea sisi!”

“Tulimpokea sisi wenyewe!” wakaitikia.

Mimi, mwenye wivu! Mwanajuma alikuja mbio analia, anasema jamani ni kweli, ni kweli, nao wakamzunguka wakimbembeleza asiogope, mgeni huyu hana jicho baya. Pazia likafunguka, Tunu akasimama pale. Akawatazama watu wa mtaa wake, waliokuwa wanampigania kwa mapenzi yao yote. Nadhani aliona kama nilivyoona mimi, kwamba kila neno wangelihesabu ni kuogopa husuda.

Bi Apolinaria alisimama akajifuta vumbi. Alimshika Tunu bega kidogo. “Pole, mdogo wangu,” akasema, akaondoka.

Kazi alipewa kijana mmoja anaitwa Mayala. Tulisikia habari zake baadaye na nikashindwa kula. Naye shahada yake ni ya mtandao. Bi Apolinaria alipokwenda kuuliza kijijini kwao, watu wote, mpaka watoto wa shule, walimwonyesha kichuguu ambacho Mayala alikuwa anapanda na kompyuta yake kutafuta mtandao. Walikuwa wanamcheka miaka yote, wanamwita mchwa. Kila mtu alikuwa amemwona.

Tunu sasa anasoma uzamili. Chuo kikuu alichokiomba kiliitazama shahada yake, kikaona imetambuliwa, kikampokea bila maneno. Nao anausoma kwa mtandao. Amekataa kujificha. Anasomea hapa barazani kwangu, mchana, kompyuta juu ya meza ya kukatia, kila anayepita amwone. Mama yake ndiye anayemletea chai, na akiwapita watu husema kwa sauti, “Anasoma huyo.”

Jana Bi Kuluthumu alipita na fimbo yake, akasimama, akamtazama Tunu akibonyeza, akasikitika kabisa.

“Tunu mwanangu,” akasema, “acha kuchezea hayo madude. Rudi Dar ukasome.”